Begonia Inapokuzidi Chumbani: Kwa Nini Hurefuka, na Wapi pa Kuikata

Malalamiko kuhusu begonia ya ndani huja kwa sura mbili. Kuna aliyeinunua ikiwa ya duara, imejaa majani hadi udongo hauonekani, na miezi kadhaa baadaye amebaki na fito mbili ndefu zilizo wazi tangu chini, majani yote yamekimbilia kileleni. Na kuna ambaye yake haikupanda juu hata kidogo. Imetambaa, ikavuka ukingo wa chungu, na sasa inaning'inia nje huku katikati pakiwa patupu. Wote wawili huambiwa neno lilelile: chukua mkasi, punguza. Ushauri huo si wa uongo, ila umewahi mno. Ukikata kabla hujajua nini kiliufikisha mmea hapo, utarudi palepale, na safari hii ukiwa umedhoofu zaidi.

Tuanzie dukani, maana hapo ndipo matarajio yetu yanapoharibika. Begonia ndogo iliyojaa vizuri mara nyingi si mmea mmoja. Ni vipandikizi viwili, vitatu au zaidi vilivyobanwa kwenye chungu kimoja ili kijae upesi. Vimekulia kwenye banda la kioo au plastiki, mwanga ukiingia kutoka kila upande, vikakatwa ncha vikiwa vichanga, na katika vitalu vingi vya biashara hupuliziwa dawa za kudumaza kama klomekwati. Dawa hizo huzuia mmea kutengeneza jiberelini, homoni inayorefusha shina, na hivyo vifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye shina, husogeleana na umbo hubaki dogo. Mmea ukifika nyumbani, dawa huisha nguvu polepole, mwanga hupungua, na kila kipandikizi huanza kudai nafasi yake. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita kuharibika ni begonia kurudi katika maumbile yake. Huwezi kuirudisha kwenye sura ya dukani na kuibakiza hapo kwa miaka. Unachoweza kufanya ni kujua inataka kuwa nini, kisha kuielekeza.

Ukoo mmoja, miili tofauti

Jenasi ya Begonia ina spishi zaidi ya 2,000, na ni miongoni mwa jenasi kubwa kabisa za mimea inayotoa maua. Jina lake lilitolewa na Charles Plumier, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, kwa heshima ya ofisa wa serikali aliyependa elimu ya mimea, Michel Bégon. Spishi hizo zimetapakaa katika maeneo ya joto na unyevu ya Amerika, Afrika na Asia, na zimejijenga kwa namna nyingi sana. Ndiyo sababu ushauri unaofaa begonia moja unaweza kuimaliza nyingine. Mwenye chungu chumbani hahitaji kujua majina yote. Inatosha aangalie jani jipya linatokea wapi.

Likitokea kwenye ncha ya shina lililosimama wima, gumu, lenye vifundo na pingili kama mwanzi, hiyo ni begonia ya fito. Begonia maculata ya Brazili, yenye madoa meupe juu ya jani na wekundu upande wa chini, ni ya kundi hili, pamoja na machotara yake mengi. Hizi zikiachwa hupita mita moja bila shida. Jani likichomoza kwa kikonyo kirefu kutoka kwenye shina nene lililolala juu ya udongo, hiyo ni begonia ya rizomu. Humo wamo machotara ya Begonia rex, spishi iliyoelezwa kisayansi mwaka 1857, yenye asili ya Assam nchini India, na pia Begonia masoniana yenye alama nyeusi ya msalaba katikati ya jani. Begonia ya rizomu haipandi sana. Yenyewe hupanuka.

Kuna za kichaka, zenye mashina mengi laini yanayotoka chini, zikiwemo zile ndogo zinazotoa maua karibu mwaka mzima na ambazo kwa kawaida hubaki kati ya sentimita 15 na 30. Na kuna za kiazi, ambazo hufa juu ya udongo kila mwaka na kuamka tena. Za kiazi nitazirudia baadaye, kwa sababu kwao karibu kila kanuni ya kupogoa hubadilika.

Kurefuka na kukua ni mambo mawili

Chukua rula. Pima pingili ya chini, yaani sehemu ya shina kati ya kifundo na kifundo, ile iliyokua kabla mmea haujafika kwako, kisha pima pingili mpya karibu na ncha. Kwa begonia ya rizomu, pima vikonyo vya majani badala yake. Ikiwa pingili mpya ni ndefu kuliko za zamani, na majani mapya ni madogo, mepesi, yamepauka, basi mmea wako haukui. Unanyooka kutafuta mwanga. Ikiwa urefu wa pingili haujabadilika na majani yana ukubwa na rangi yake kamili, basi kweli mmea umekua na tatizo lako ni nafasi tu. Hali hizi mbili zinafanana ukiziangalia kwa mbali, lakini tiba zake ni tofauti kabisa. Ningeshauri mtu yeyote asiguse mkasi kabla ya kufanya kipimo hiki, kwani ndicho kinachoamua mengine yote.

Mwanga ukiwa hafifu, seli za shina hurefuka zaidi bila mmea kuongeza vifundo vingi. Idadi ya majani inaweza kuwa ileile ambayo ungeipata dirishani, ila yametawanywa kwenye shina refu mara mbili. Joto huongeza ubaya huo. Chumba chenye joto na giza ndicho mazingira mabaya kuliko yote kwa umbo la begonia, maana joto linausukuma mmea ukue wakati mwanga hautoshi kulipia gharama ya kukua huko.

Hapa macho yetu hutudanganya. Jicho la binadamu hujirekebisha haraka, na kona iliyo mita tatu kutoka dirishani huonekana ina mwanga wa kutosha kusomea. Kwa mmea, kona hiyo hupata sehemu ndogo tu ya mwanga uliopo dirishani. Begonia nyingi hupenda kukaa ndani ya mita moja kutoka dirisha lenye mwanga mwingi, jua kali la mchana likikingwa kwa pazia jepesi. Jua la asubuhi halizidhuru za fito, tena huzisaidia kutoa maua. Zile za rex zina majani mepesi zaidi, nazo huungua upesi, zikabaki na mabaka ya kahawia yasiyofutika. Ukizihamisha, zisogeze kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili.

Kuna imani kwamba begonia ni mmea wa kivulini, kwa hiyo kona yoyote itafaa. Imani hiyo ina mzizi wa kweli. Spishi nyingi huishi chini ya miti mikubwa, na baadhi zimejipatia mbinu za kushangaza za kutumia mwanga mdogo: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walieleza jinsi majani ya Begonia pavonina ya Malaysia, yanayong'aa buluu, yalivyo na kloroplasti (visehemu vya seli vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula) zilizopangwa kwa tabaka zinazosaidia kunasa mwanga hafifu wa sakafu ya msitu. Ninaupenda sana mfano huo. Lakini kuishi kivulini ni jambo moja, na kuwa na umbo zuri kivulini ni jingine. Tena kivuli cha msitu hushuka kutoka juu, wakati mwanga wa chumba huja kutoka upande mmoja.

Upande huo mmoja ndio unaopinda mmea. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu wa mimea Mholanzi, Frits Went, alionyesha kwamba ncha ya mche hutoa kemikali inayorefusha seli, ile tunayoiita auksini, na kwamba mwanga ukija upande mmoja kemikali hiyo huelekea zaidi upande wa kivuli. Upande wa kivuli hurefuka, na shina huinamia dirisha. Kuzungusha chungu robo duara kila wiki kunatosha kuzuia hilo. Pasipo na dirisha la kufaa, taa ya LED ya mimea iliyowekwa juu ya mmea, saa 12 hadi 14 kwa siku, hufanya kazi nzuri, na kwa kuwa mwanga wake unatoka juu, mmea hausukumwi kupinda.

Jambo moja lazima likubaliwe: pingili iliyokwisha kurefuka hairudi kuwa fupi. Mwanga hurekebisha kitakachokuja. Kilichopita hurekebishwa na mkasi.

Ncha, na macho yaliyolala

Kwenye kila kifundo, pale jani linapoungana na shina, kuna jicho linaloweza kuwa tawi. Mengi hulala kwa miaka. Yanalazwa na ncha, ambayo hutuma auksini kuelekea chini. Mwaka 1933 watafiti Kenneth Thimann na Folke Skoog waliikata ncha ya mmea wa maharagwe mapana na kuweka auksini juu ya jeraha, na macho ya pembeni yakaendelea kulala kana kwamba ncha bado ipo. Kwa hiyo kukata ncha ni kuondoa amri, na macho ya chini yake huanza kuamka.

Ila amri sio kila kitu. Utafiti wa baadaye kwenye mmea wa njegere ulionyesha kwamba jicho huhitaji pia sukari ili liamke: ncha ikikatwa, sukari iliyokuwa ikielekea juu hupatikana kwa macho ya pembeni. Mmea uliodhoofishwa na giza una sukari kidogo. Ukiukata, macho hukawia, au huamka mawili matatu yaliyokonda na kurefuka vilevile kama shina mama. Ndiyo maana mimi hutanguliza mwanga. Sogeza mmea, subiri utoe majani mawili au matatu mapya yaliyokaribiana, ndipo ukate. Na ukate wakati mmea unakua kwa nguvu, siku zikiwa ndefu na chumba kina joto la wastani. Usikate katika majira ya baridi na mwanga mdogo.

Kwa begonia ya fito, kata juu kidogo ya kifundo, kama nusu sentimita, kwa mkasi mkali uliopanguswa kwa spiriti. Chagua kifundo ambacho jicho lake linaelekea nje ya mmea, ili tawi jipya lisiingie katikati. Hapa pia kuna siri ambayo wengi huigundua kwa kuchelewa. Kifundo cha begonia ya fito kwa kawaida hutoa tawi au shada la maua, na kilichokwisha kutoa maua ni nadra kutoa tawi tena. Ukikata juu ya kifundo kilichotoa maua, utabaki na kijiti kisichochipua, ukidhani umekosea maji au mbolea. Tafuta alama ya kikonyo cha maua. Ukiiona, shuka chini hadi kifundo chenye jicho lililovimba au ambacho hakijawahi kuchanua.

Fito iliyozeeka, wazi tangu chini, haitarudisha majani pale yalipodondoka. Ishushe hadi vifundo viwili au vitatu kutoka kwenye udongo, kwani begonia hizi hutoa mashina mapya kutoka shinani. Usizishushe zote siku moja. Anza na iliyo mbaya zaidi, acha nyingine ziendelee kulisha mizizi, na chipukizi jipya likifika urefu wa shibiri ndipo ushughulikie ya pili. Kuondoa zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja ni kuutia mmea katika hatari ya kuoza mizizi: maji uliyozoea kumwagilia yanabaki, lakini majani ya kuyatumia hayapo tena. Baada ya kupogoa, punguza maji.

Mmea mchanga ni rahisi zaidi. Shina likiwa na majani manne au matano, ondoa ncha kwa kucha, na matawi yanayofuata yafanyie vivyo hivyo. Kukata kidogo mara kwa mara hujenga kichaka kizuri kuliko kukata sana mara moja. Gharama yake ni maua, maana kila ncha unayoiondoa inachelewesha kuchanua. Mtu anayetaka maua mengi na kichaka kifupi kwa wakati mmoja atalazimika kuchagua. Ningemshauri akate kwa miezi michache mwanzoni mwa ukuaji, kisha aache kabisa.

Rizomu hufuata kanuni hiyohiyo ikiwa imelala. Ukikata ncha yake, macho yaliyopo juu na pembeni huchipua, na katikati palipokuwa patupu hujaa. Kipande kilichovuka ukingo wa chungu usikitupe. Chenye majani mawili au matatu kilaze juu ya mchanganyiko mwepesi wenye unyevu, upande wenye vijizizi ukigusa udongo, na usikifukie, kwa sababu rizomu iliyofukiwa huoza. Ukubwa wa jani, hata hivyo, haupunguzwi kwa mkasi. Jani kubwa mno liondolewe zima pamoja na kikonyo chake. Ukilikata nusu utabaki na kovu tu.

Chungu, maji na chakula

Wapo wanaodhani chungu kidogo ndicho breki ya ukubwa. Ni kweli kwamba mizizi iliyobanwa hupunguza kasi ya ukuaji, lakini breki hiyo ina kasoro zake. Chungu kilichojaa mizizi hukauka haraka, mmea hupata kiu mara kwa mara, na majani ya kwanza kudondoka ni ya chini. Hapo unapata mmea mfupi wenye miguu mitupu. Upande wa pili ni hatari zaidi. Begonia zina mizizi myembamba inayokaa karibu na uso wa udongo, na chungu kikubwa hubaki na maji chini ambako hakuna mizizi ya kuyanywa. Huko ndiko kuoza kunakoanzia. Unapohamisha, ongeza kipenyo kwa sentimita 2 hadi 5 tu, na kwa begonia za rizomu chagua chombo kipana kisicho na kina.

Ukitaka mmea ubaki na ukubwa ulio nao, unaweza kuurudisha kwenye chungu kilekile. Utoe, ondoa kwa upole sehemu ya nje ya fundo la mizizi, uweke mchanganyiko mpya wenye hewa, kama wa nyuzi za makumbi na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi zinazoongeza hewa), kisha upunguze majani ya juu kwa kiasi kinacholingana na mizizi uliyoondoa.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi hutoa mashina laini, marefu, yanayoanguka. Nusu ya kipimo cha kwenye chupa kila wiki mbili, wakati wa ukuaji tu, inatosha. Mmea ulio gizani usilishwe kabisa. Mwagilia maji pale tu udongo wa juu unapokauka. Na kichaka kikishakuwa kizito, ondoa baadhi ya majani ya ndani ili hewa ipite, kwani majani yaliyosongamana ndiko ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa majani, hupendelea kuanzia.

Zile za kiazi, na za maua ya msimu

Begonia za kiazi hujipima kwa urefu wa siku. Siku zikipungua chini ya saa 12 hivi, mmea huacha kusukuma majani, hukusanya chakula kwenye kiazi, na sehemu ya juu hunyauka. Usijaribu kuufufua kwa mkasi wala mbolea. Acha ukauke, kisha hifadhi kiazi mahali pakavu na penye ubaridi kiasi. Kinapoamka hutoa machipukizi kadhaa. Ukiacha mawili au matatu utapata maua makubwa, na ukiacha yote utapata kichaka chenye maua madogo.

Begonia za Rieger, zinazouzwa zikiwa zimefunikwa na maua, ni uzao wa hizo za kiazi na Begonia socotrana, spishi iliyokusanywa na Isaac Bayley Balfour kisiwani Socotra mwaka 1880. Baada ya maua zinaweza kukatwa hadi sentimita 8 au 10 na zikachipua upya, ila mara nyingi umbo la pili halifikii la kwanza. Kwa hizo sioni haja ya kung'ang'ana.

Ulichokikata

Kwa fito, rizomu na vichaka, vipande vilivyokatwa ndivyo tiba bora ya umbo. Ncha yenye vifundo viwili au vitatu hutoa mizizi ndani ya wiki chache, iwe kwenye maji au kwenye mchanganyiko mwepesi. Begonia rex huota hata kutokana na jani: kata mishipa yake mikubwa upande wa chini, lilaze juu ya mchanganyiko wenye unyevu, funika kwa plastiki inayopitisha mwanga, na mimea midogo itachomoza pale ulipokata. Kusanya mabaki yote, kwa kuwa begonia zina chumvi za oksaleti zinazowasha mdomo na koo, na paka au mbwa anaweza kutafuna kilichoanguka sakafuni.

Vipandikizi vikishapata mizizi ya sentimita mbili au tatu, vipandwe kuzunguka shina la mama katika chungu kilekile, vitatu au vinne kutegemea nafasi. Wakulima wa vitalu hufanya hivyohivyo ili chungu kijae. Vikianza kukua, vikate ncha mapema, na fito kongwe ya katikati ishushwe mwisho, baada ya hivyo vichanga kuifikia nusu yake.